Gari Lilipozimika Tukienda Kumzika Mjomba

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na pengine nimeandika neno kama tunavyolitamka huku kwetu, si kama linavyotakiwa kuandikwa. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache, zaidi wakati wa kuandika majina kwenye magunia ya korosho. Naandika polepole. Sentensi moja inaweza kunikalisha mpaka maji ya ugali yakachemka na kupungua. Lakini mimi kusema mbele ya watu ni kazi ngumu kuliko kuandika, na jambo hili limenikaa kifuani, kwa hiyo nimechukua daftari.

Ni habari ya siku tuliyokwenda kumzika mjomba wangu Nachingwea, gari la baba mdogo likazimika njiani.

Sisi tunakaa upande wa Malolo, wilaya ya Ruangwa. Mjomba alikuwa kaka wa mama, tumbo moja, na katika tumbo hilo walikuwa wamebaki wawili tu. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kupelekewa salamu siku ya Idi na kusahauliwa. Ukoo unakwenda kwa mama. Mimi ni wa mjomba kabla sijawa wa baba. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyekuja kukaa na sisi baba alipofariki, akalima shamba letu msimu mzima huku shamba lake mwenyewe likiota majani.

Alihamia Nachingwea akaoa huko. Alikuwa anakuja kutuona, maana mama hawezi safari. Mama alianguka akitoka kuchota maji, nyonga ikavunjika, na ilipounga iliunga vibaya. Anatembea na fimbo, na akikaa muda mrefu lazima ashikwe mkono ndipo ainuke. Pikipiki, ambayo ndiyo usafiri wa watu wa huku, kwake ni kama kupanda juu ya mnazi.

Simu ililia asubuhi, mama akiwa anapepeta ufuta uani. Aliyepiga ni wifi yake, mke wa mjomba. Mama alisikiliza, akaweka ungo chini vizuri, usimwagike. Akaniambia, "Mjomba wako ameondoka." Sikuuliza ameondoka kwenda wapi. Alikuwa anaumwa kifua, lakini hakuna aliyejua kama kinampeleka.

Wifi yake alisema watazika baada ya sala ya adhuhuri.

Hapa lazima nieleze, kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Mwanamke anamuaga maiti nyumbani, wakati sanda inafunuliwa usoni ili ndugu wapite kuangalia. Baada ya hapo uso unafungwa, jeneza linatoka na wanaume, wanawake wanabaki mkekani. Kwa hiyo mama hakuwa anakwenda kuzika. Alikuwa anakwenda kuuona uso wa kaka yake, na alikuwa na muda mpaka jeneza litoke tu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ana gari. Ni gari dogo la mtumba, alilinunua baada ya msimu mmoja wa korosho kuwa mzuri, na kabla halijafika kwake lilikuwa limepita kwa watu wengi. Lilikuwa jeupe. Siku hizi lina rangi ya barabara. Mshale wa mafuta umekufa, mlango mmoja unafunguliwa kwa nje tu, na lile gari linanuka salfa, maana wakati wa kupulizia mikorosho ndilo linalobeba dawa na mashine za nusu ya kijiji. Baba mdogo analipenda. Akisikia mtu analisema vibaya ananyamaza naye siku nzima.

Alikuja haraka, bila hata kunawa. Alikuwa ametoka shamba, vumbi la salfa la njano likiwa bado kwenye nyusi. Tukamwingiza mama kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma.

"Mafuta yapo?" mama aliuliza.

"Yapo kidogo. Na kuna dumu huko nyuma."

Dumu lilikuwa karibu na miguu yangu. Lilikuwa na petroli ya mashine ya kupulizia.

Kipindi kile mikorosho ilikuwa imepuliziwa, majani meupe kama yamenyunyiziwa unga, na pembeni ya barabara ufuta umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke. Mama hakuangalia nje. Alishika simu kwa mikono miwili. Kila gari lilipoingia kwenye shimo alifumba macho kwa ajili ya nyonga, lakini hakusema punguza mwendo.

Ruangwa mjini tulipita kituo cha mafuta. Kulikuwa na foleni ya pikipiki na malori mawili. Baba mdogo alipunguza mwendo, akamwangalia mama.

"Dumu si lipo?" mama alisema. "Twende."

Tukaenda. Tulipotoka mjini, kwenye barabara ya Nachingwea, baba mdogo alisimama akamimina lile dumu lote kwenye tangi kwa kutumia chupa ya maji iliyokatwa. Akalitikisa mpaka tone la mwisho. Hatukwenda mbali. Kwanza gari lilikohoa. Halafu likatoa moshi mweupe mzito, na baba mdogo akasema si kitu, ni ile oili iliyochanganywa na petroli ya mashine, litazoea. Halikuzoea. Tulikuwa tunapanda kilima kidogo, na katikati ya kilima likazimika kimya, kama mtu anayesinzia huku anaongea. Likaanza kurudi nyuma. Baba mdogo akavuta breki ya mkono na mimi nikaruka kuweka jiwe kwenye tairi.

Alifungua boneti. Aligusa nyaya, akafungua kifuniko hiki na kile, akarudi kupiga stata. Stata ilikuwa na nguvu mwanzoni, kisha ikaanza kulia taratibu. Mama alikaa akiangalia boneti iliyosimama mbele yake kama ukuta.

"Ni nini?" aliuliza.

"Nalitazama, shemeji."

"Naona unalitazama. Ni nini?"

Baba mdogo alikwenda kusimama barabarani asimamishe mtu.

Aliyesimama alikuwa fundi wa pikipiki, anatoka kutengeneza mashine ya kusaga kijiji cha jirani, na begi la spana limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki yake. Mtu mnene, mcheshi. Alisikiliza stata mara moja tu akasema iachwe, isimalize betri. Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa ya soda, akaiinua juu tuone.

Juu kulikuwa na petroli. Chini kulikuwa na kitu cheupe kama maziwa.

Alinusa. "Hii mmeitoa wapi?"

"Kwenye dumu la mashine," baba mdogo alisema.

"Na kabla ya petroli, dumu lilikuwa na nini?"

Baba mdogo akasema, taratibu sana, "Dawa ya maji. Lakini nililisuuza."

Fundi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi gari lenu limepuliziwa. Mwaka huu halipati ubwiri unga. Msubiri maua."

Ubwiri unga ndio ugonjwa unaounguza maua ya korosho, ndio tunaoupulizia dawa. Wakati mwingine wowote hata mimi ningecheka. Baba mdogo alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Fundi alipomwona mama ndani ya gari, amejifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, akaacha kucheka.

"Mnakwenda wapi?"

"Msibani Nachingwea," nilisema. Ndilo neno la kwanza nililosema tangu asubuhi. "Kaka yake."

"Basi samahani, mama. Pole sana. Ngoja tulitapishe."

Wakaanza kulitapisha. Fundi alilala chini ya gari, akafungua tangi, maziwa yale yakamwagika barabarani na kuingia kwenye vumbi. Mimi nilikwenda na pikipiki yake mpaka kwenye nyumba za mbele kutafuta petroli ya chupa. Nilipiga hodi nyumba tatu, na kila moja ilinibidi nieleze, na kueleza kwangu ni taabu. Kwa wa mwisho nilipata chupa mbili. Niliporudi, mama alikuwa anaongea na simu, ameiweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri.

Alikuwa anaongea na mtani. Huyu ni mama mtu mzima, jirani wa mjomba kule Nachingwea, wa kabila ambalo kwetu ni watani. Tangu mama akiwa msichana wanatukanana kila wakikutana. Utani wa kwetu hausimami mlangoni mwa msiba. Msibani ndiko mtani anakofanya kazi: anachekesha wafiwa, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

"Wanatoka saa ngapi, mtani?" mama aliuliza.

"Wakishasali adhuhuri. Sheikh ameshasimama nje, utafikiri anasubiri basi la Masasi."

"Nizuilie."

"Nikuzuilie nini? Kaka yako? Huyu hana pa kwenda tena, ameshafika."

Mama hakucheka. "Nizuilie, mtani. Uso tu."

Mtani akasema, "Endesheni hilo kopo lenu. Kaburi limeshachimbwa, lakini hawatafukia kwa makucha. Majembe najua mimi yatakapokuwa."

Mama akakata simu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anapumua mpaka chini.

Fundi alipuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, akatema, akapuliza tena. Akafuta plagi kwa shati lake. Tukamimina petroli niliyoileta. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo tukageuza gari liangalie chini ya kilima, tukasukuma, mimi, fundi na mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli. Mzee alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili ameshika baiskeli yake, akisema, "Msukumeni huyu mgonjwa, msimwamshe ghafla." Likashika. Likalia vibaya, lakini likalia. Baba mdogo aligeuza bila kusimama, mimi nikakimbia nikaingia likiwa linatembea. Fundi alitupungia mkono. Hatukupata hata nafasi ya kumshukuru vizuri.

Tulikwenda. Likawa linakimbia kidogo, linakohoa, linakimbia. Adhuhuri ilikuwa imepita. Simu ya mama ikalia, na kabla mtani hajasema neno tulisikia kelele za wanaume nyuma yake.

"Mmefika wapi?"

"Tuko njiani."

"Njiani si jina la mji, mtani. Mmefika wapi?"

Mama alimwangalia baba mdogo. Baba mdogo alitaja mahali.

"Bado mbali," mtani alisema. "Mimi nimeyakalia majembe. Yako chini yangu, na makoleo. Wamenipa cha kunitoa nimekataa. Sheikh anasema nina shetani. Nimemwambia shetani hana makalio kama haya, aje aniinue mwenyewe."

Tulisikia mwanamke mmoja akicheka kule msibani, kicheko cha mtu aliyekuwa analia. Halafu simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa sheikh. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Dada yangu," alisema, "maiti hasubirishwi. Tumemsubirisha kwa ajili yako, na mimi nimeliachia hili kwa sababu ni mila zenu na marehemu alikuwa mtu wenu. Lakini joto la jua hili na mwili si marafiki. Tutasali alasiri, halafu tunatoka. Umenisikia?"

"Nimesikia, sheikh."

"Allah akufikishe."

Mama aliirudisha simu kwenye mkunjo wa khanga. Akaanza kusema kitu kwa Kimwera, kwa sauti ndogo, nikadhani anaomba dua. Alikuwa anaongea na gari. Alikuwa analibembeleza kama mtoto anayegoma kula.

Gari lilikufa mara ya pili tukiwa tumeshaingia wilaya ya Nachingwea. Safari hii halikukohoa. Baba mdogo alipofungua boneti ulitoka mvuke na harufu ya kitu kilichoungua, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakaa chini pembeni ya barabara, kwenye majani, na mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mtu mzima anakaa vile. Hakuna aliyepita kwa muda. Upepo ulikuwa unaleta vumbi la salfa kutoka mashambani, na vumbi lile likiingia machoni linawasha, kwa hiyo siwezi kusema kama baba mdogo alikuwa analia.

Alisema, bila kumwangalia mama, "Shemeji, lile dumu nililisuuza. Wallahi nililisuuza mara mbili."

Mama alisema, "Nifungulieni mlango."

Tulidhani anataka kunyoosha mguu. Akatoka, akasimama na fimbo yake katikati ya barabara, na bodaboda ya kwanza iliyotokea akainyooshea ile fimbo.

Dereva alikuwa kijana wa umri wangu, na miwani ya jua, na redio ndogo imefungwa kwenye usukani. Alizima redio alipomwona.

"Bi mkubwa, vipi?"

"Nipeleke Nachingwea."

"Mama, nyonga," nilisema.

"Nyonga ni yangu." Halafu akaniambia kwa sauti nyingine, "Panda nyuma yangu unishike. Nikianguka tuanguke wote."

Tulimwinua mimi na baba mdogo. Hakuweza kupanua mguu, ikabidi akae upande, na mimi nyuma yake nimemzungushia mikono kama anayebeba gunia. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Dereva akasema, "Maza, mimi naenda taratibu, wewe nigonge bega tu ukiona noma." Mama hakumwelewa. Akasema, "Usiende taratibu."

Baba mdogo alibaki na gari lake. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, ameshika lile dumu tupu. Sijui kwa nini alikuwa amelitoa.

Ile safari siwezi kuieleza vizuri. Kila shimo mama alitoa sauti ndogo puani. Nilisikia jasho lake likipita kwenye khanga mpaka kwenye mikono yangu. Njiani tulisikia adhana ya alasiri kutoka msikiti ulio mbali na barabara, na dereva, bila kuambiwa, aliongeza mwendo. Mama alipoisikia aliinamisha kichwa, kikagonga kidevu changu, akakiacha hapo.

Tuliingia mtaa wa mjomba kwa njia ya nyuma. Kona ya pili dereva alikanyaga breki na kuzima pikipiki. Mbele yetu barabara ilikuwa imejaa kofia nyeupe. Jeneza lilikuwa juu ya mabega, limefunikwa kitambaa cha kijani, na watu wanaimba kwa sauti ya chini, La ilaha illa Llah, wanabadilishana mabega kila hatua chache kama inavyotakiwa ili kila mmoja apate thawabu.

Na mbele yao wote, mwanamke peke yake kati ya wanaume, alikuwa mtani. Alikuwa anatembea kinyumenyume, uso kwa uso na jeneza, ameshika jembe moja. Mengine walikuwa wamemnyang'anya. Alipotuona alilaza jembe lake barabarani, mbele ya miguu ya wabebaji.

"Amefika," alisema. "Mtueni."

Watu walisimama. Nilimshusha mama. Mguu ulikataa kukanyaga, akaniegemea.

Sheikh alikuja mbele. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, amechoka, kanzu yake ina vumbi mpaka magotini. Alimwangalia mama, akaangalia barabarani.

"Dada yangu, uso umeshafungwa."

"Ufungueni," mtani alisema. "Sanda si sefu ya benki."

"Mtani, utani una mahali pake."

"Mahali pake ndipo hapa. Ulitaka niufanyie wapi, harusini?"

Mzee mmoja katika wabebaji akasema mkono unamuuma, basi iamuliwe. Mwingine akasema maiti ameshaswaliwa, hafunuliwi barabarani, watoto wapo, mbwa wapo. Mwingine akasema huyu ni dada yake wa tumbo moja, kwani kitapungua nini. Wakaanza kubishana, wanaume wazima, na jeneza likiwa juu ya mabega linayumba kidogo kila mtu alipogeuza kichwa. Nililiona linayumba. Mama naye aliliona.

Akauliza, "Kichwa kiko upande gani?"

Kijana mmoja akaonyesha.

Mama alinitumia mimi kama fimbo, tukasogea. Jeneza lilikuwa juu, hakufika. Sheikh akawaashiria, wakapiga magoti taratibu mpaka likawa usawa wa kifua chake. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cha kijani, pale palipoonyeshwa. Akakiacha. Alisema maneno ya Kimwera ambayo mimi, niliyekuwa nimemshika, niliyasikia yote, na hayo sitayaandika. Halafu akaondoa mkono.

"Mwacheni aende," alisema. "Anatikiswa."

Mtani akaokota jembe lake, akasogea pembeni. Akamkumbatia mama, na hapo ndipo yule mama mcheshi alipolia, kwa sauti kubwa, akisema, "Nimekaa mpaka makalio yamekufa ganzi, mtani, nimekaa." Mama alikuwa anampigapiga mgongoni.

Mimi nilikwenda na jeneza. Nilipokezwa bega, nikapokeza. Makaburini sheikh aliuliza, "Mpwa wake yupo?" na watu wote wakanigeukia, na mimi watu wakinigeukia masikio yanawaka moto. Nilivua ndala nikashuka kaburini na mtoto mkubwa wa mjomba. Juu walitandaza shuka ya kijani, na ndani mwanga ukawa kama wa chini ya majani mengi. Walituletea mwili, tukaupokea. Alikuwa mzito, mjomba, hata baada ya ugonjwa. Tukamlaza upande wa kulia, aelekee Kibla, na sauti ya sheikh kutoka juu ikatuambia tufungue mafundo ya sanda na tulifunue shavu liguse udongo.

Mkono uliofunua ulikuwa wangu.

Jioni niliwakuta wanawake mkekani. Mama alikuwa amelazwa pembeni, mto chini ya nyonga, hawezi hata kugeuka. Alinivuta mkono nikae.

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Alisubiri, na mimi nilikuwa natafuta la kusema. Nikasema, "Alikuwa amelala tu."

"Kila maiti wanasema amelala," mama alisema. "Niambie ulichokiona."

Nikamwambia shavu. Nikamwambia ndevu zilikuwa nyeupe kuliko Idi iliyopita, na chini ya taya kuna sehemu walipomnyoa wakaacha kidogo. Nikamwambia sikio lilikuwa na pamba. Akasema, "Hawajui kumnyoa. Alikuwa ananyolewa na mtu mmoja tu." Halafu akauliza, "Na kovu? Kwenye nyusi. Nilimpiga na kifuu cha nazi tukiwa wadogo, tukamficha bibi yenu. Uliliona?"

Lilikuwa upande gani, nikauliza. Akagusa nyusi yake ya kulia.

Upande wa kulia ndio tuliomlazia, umeelekea udongo. Nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniachia mkono.

Gari lilivutwa na trekta siku ya pili, na lilikaa kwa fundi mpaka korosho zikaanza kudondoka. Sasa linatembea. Baba mdogo amelitupa lile dumu, na hamtaji marehemu wala hilo dumu. Akija kwetu anakaa nje kwenye kigogo, mama anamwambia ingia shemeji, anasema hapa panatosha. Mama hajamlaumu hata mara moja, na nadhani hilo ndilo linalomweka nje.

Nyonga ya mama haijarudi hata pale ilipokuwa. Sasa anatembea ndani ya ua tu. Na bado ananiuliza. Si kila siku. Inaweza kupita wiki, tunamenya mihogo au tunasikiliza redio, akasema, "Hebu niambie tena mjomba wako." Namwambia shavu, ndevu, pamba. Nimeshamwambia mpaka maneno yamekuwa kama ya wimbo wa shuleni, na namwona usoni kuwa hayamfikishi. Ningependa kuongeza. Lakini kuongeza kitu ambacho sikukiona naogopa, maana uso pekee alio nao ndio huu ninaompa mimi.

Ndiyo sababu nimeandika. Kama upo unayesoma haya, na wewe ulishuka kaburini kwa niaba ya mtu aliyebaki mkekani, niandikie. Usiogope mwandiko, wangu umeshauona. Niambie ulimwambia nini aliyekuuliza, na kama kuna siku aliacha kuuliza.